Kitabu kilichosema haiko shida kubwa: Mel Gorman na memori inayomegeka



Kila mtu aliyepita ku kozi ya mifumo ya uendeshaji anajua zile definisio mbili: fragmentasio ya ndani na fragmentasio ya nje. Zinaandikwa ku ubao, zinaingia ku silabusi, zinarudi ku mtihani, kisha zinalala. Leo nataka kuzungumzia kitabu ambacho watu wengi wanaosoma kerneli ya Linux walipitia, na ambacho juu ya jambo hili kilisema neno la kutuliza: kwamba ile ya nje, kwa Linux, haiko shida kubwa. Mimi nasema kitabu ni kizuri, tena kizuri sana, lakini hapo kilipima kwa kipimo kisichofaa. Na aliyekuja kukisahihisha ni mwandishi mwenyewe, miaka michache kisha.

Mtauliza: mtu wa agronomia anatafuta nini ku kerneli? Jibu ni neno lenyewe. Ku masomo ya kilimo tunafundishwa kumegeka kwa mashamba. Tuseme familia moja ya Kabare ama Walungu iko na nusu hekta, lakini imekatwa vipande vitano, kila kimoja ku kilima chake, juu baba aligawia watoto na watoto wakagawia wajukuu. Ukijumlisha, nusu hekta iko. Ukitaka fasi moja pana ya kupitisha trakta, haiko. Memori ya kompyuta inaumwa ugonjwa huohuo, na wale wanaoitibu walipita ku njia ambazo sisi tunazijua kwa majina mengine.

Kitabu chenyewe ni "Understanding the Linux Virtual Memory Manager", cha Mel Gorman, kilichotoka 2004. Kilianza kama kazi yake ya masomo ya masta ku University of Limerick, Ireland. Kwa hiyo ni mémoire juu ya mémoire, na mwanafunzi yeyote wa kwetu anayehangaika na kazi ya mwisho aone kazi ya mwanafunzi inaweza kufika wapi. Kiko na kurasa zaidi ya 700, na sehemu kubwa ni kodi inayofafanuliwa mstari kwa mstari. Kinaeleza kerneli 2.4, na mwisho wa sura anaongeza kile ambacho 2.6 ilibadilisha. Zaidi ya yote, kinapatikana bure kwa PDF, jambo ambalo kwa maktaba zetu haliko dogo.

Nguvu yake ni subira. Gorman haruki hatua. Chukua sura ya sita, juu ya kugawa memori. Kompyuta inakata RAM yake vipande vidogo vya KB 4, vinaitwa peji. Kerneli ya Linux inavigawa kwa mfumo unaoitwa buddy, yaani rafiki ama pacha, ambao Kenneth Knowlton aliuandika 1965. Peji zinapangwa kwa mafungu ya 1, 2, 4, 8, mpaka 1024. Ukiomba fungu la 4 na liko la 8 peke yake, la 8 linapasuliwa katikati: nusu unapewa, nusu nyingine inangoja. Ukirudisha yako, kerneli inaangalia kama pacha wake naye yuko huru. Akiwa huru, wanaunganishwa tena kuwa 8. Ni rahisi, ni haraka, na Gorman anaieleza mpaka mtu asiyekuwa wa informatika anaelewa.

Hapo njo definisio zinaingia. Kumegeka kwa ndani ni kama kupewa gunia zima wakati ulitaka kilo tano: uliomba kidogo, ulipewa fungu, linalobaki linaharibika ndani yake. Kumegeka kwa nje ni ule ugonjwa wa vilima vitano: jumla inatosha, lakini hakuna fasi moja inayoshikana. Gorman anasema ubovu mkubwa wa buddy ni ule wa ndani, na Linux inautibu kwa slab, mfumo ambao Jeff Bonwick alitengenezea Solaris 1994: kerneli inachukua peji, inaikata vijumba vidogo vya kipimo kimoja, na kila kitu kidogo kinapata kijumba chake. Ule wa nje, anasema, hauko mzito, juu maombi ya mafungu makubwa ni machache, na yakija kuko vmalloc, njia ya kuchukua peji zilizotawanyika na kuzionyesha kwa programu ya kerneli kana kwamba zinafuatana.

Tumtendee haki: mwaka ule hukumu hii haikuwa ya kijinga. Mashini nyingi za 2004 zilikuwa na RAM kidogo, kerneli kwa kazi yake ya kila siku iliomba peji moja moja, na vmalloc ilifanya kazi yake vizuri. Shida yangu iko ku kipimo. Kitabu kinapima ugonjwa kwa kuhesabu wanaolalamika leo. Hakiulizi: ni nini kinachoumega uwanja, na kesho akija mwenye trakta tutamjibu nini?

Mwenye trakta alikuwa tayari mlangoni. Prosesa, kila mara programu inapogusa memori, inatafsiri anwani ya uongo kuwa anwani ya kweli, na inaweka tafsiri za karibuni ku daftari ndogo sana ndani yake. Peji ya KB 4 inakula mstari mmoja wa daftari. Programu ya kutunza data nyingi inajaza daftari haraka, na mashini inapoteza wakati kutafsiri upya. Kwa hiyo prosesa za x86 ziko na peji kubwa ya MB 2: mstari mmoja unafunika kile kilichohitaji mistari 512. Lakini peji kubwa inadai peji ndogo 512 zinazofuatana kweli, ku RAM yenyewe. Uongo wa vmalloc hapa hausaidii kitu. Njo maana waangalizi wa serveri walikuwa wanatenga peji kubwa wakati mashini inawaka tu, kabla uwanja haujamegwa, wakichelewa, hawapati.

Na nini kinachoumega? Hapa njo moyo wa jambo. Peji ya programu ya kawaida, ya kivinjari ama ya muziki, inahamika: kerneli inakopi yaliyomo fasi nyingine, inabadilisha mstari ku jedwali la anwani, na programu haijui kitu. Peji ya kerneli yenyewe, kwa sehemu kubwa, haihamiki. Linux inajitazama ndani ya memori kwa anwani za moja kwa moja, na vitu vyake vinaelekezana kwa anwani hizo. Ukisogeza kimoja, wanaokielekea wote wanaanguka ku shimo. Ni kama kaburi la babu katikati ya shamba: unalima pembeni yake, hulihamishi.

Fanya hesabu. Mashini ya GB 8 iko na mabloki 4096 ya MB 2. Ili kuharibu bloki moja, inatosha peji moja ya KB 4 isiyohamika ndani yake. Peji 4096 kama hizo ni MB 16. MB 16 ndani ya GB 8, yaani 0.2 ku mia, zikitawanyika vibaya, zinaweza kufanya usipate hata peji kubwa moja. Mtu anayeangalia jumla ya memori huru hataona kitu. Na yule anayesema "nunua RAM zaidi" anaongeza uwanja, lakini makaburi yanaendelea kutawanyika.

Tazama sasa jambo ambalo kitabu hakikuunganisha. Slab, dawa ya kumegeka kwa ndani, inajaza peji kwa vitu vidogo vya kerneli. Ikibaki hata kijumba kimoja kinachotumika, peji nzima inashikwa. Kwa hiyo dawa ya ugonjwa wa kwanza inalisha ugonjwa wa pili. Ku kitabu, kama ku silabusi zetu, magonjwa haya mawili yanapangwa kando kando, kila moja na definisio yake, sawa vile hayajuani. Hapo njo naona udhaifu wa namna hii ya kufundisha: definisio ni sahihi, uhusiano haupo.

Tangu 2005 Gorman alianza kupeleka mabadiliko juu ya jambo hilohilo alilosema haliko zito. Ilichukua muda mrefu. Yaliingia ku kerneli 2.6.24, mwezi wa kwanza 2008. Wazo lake linaeleweka na mkulima yeyote: usingoje uwanja uharibike ndipo uuponye, panga wapandaji tangu mwanzo. Kila anayeomba memori anasema yeye ni wa namna gani. Wasiohamika wanapangwa mabloki yao. Wanaoweza kuachwa, kama vitu ambavyo kerneli inaweza kuvisoma upya ku diski, wanapangwa yao. Wanaohamika wanapangwa yao. Makaburi yote yanawekwa ku kona moja, na uwanja uliobaki unapumua.

Jirani zetu wa Rwanda walianza kitu cha kufanana, mwaka huohuo wa 2008: kila mwenye shamba anabaki na shamba lake, lakini majirani wanapanda zao moja kwa pamoja ili eneo liwe moja. Hakuna aliyeunganishiwa ardhi. Kilichopangwa ni nani anakaa kando ya nani. Watu wamebishana sana juu ya mpango ule, juu mkulima hakuchagua zao kila mara. Peji haina mdomo wa kulalamika, na hapo mfano wangu unaishia. Lakini akili ni ileile: kuchanganya njo kunakoharibu, kuliko wingi.

Nikiisoma kazi hii ya 2008 kama kazi, naipa alama ya juu kuliko kitabu. Lakini nayo iko na kasoro, na kasoro ile ilisemwa na watu wa kerneli wenyewe wakati wa kubishana: haitoi garantii. Siku wasiohamika wamemaliza mabloki yao na bado wanataka, kerneli haiwezi kuwakatalia wakati memori huru iko. Itawapa ku mabloki ya wanaohamika. Inafanya kwa akili: inachukua fungu kubwa zaidi lililoko, ili uchafuzi ubaki fasi moja na usitapakae. Hata hivyo, mpaka umevukwa. Ni desturi, haiko sheria. Waliotaka garantii walipewa njia nyingine ku 2.6.23: kutenga eneo zima la memori kwa wanaohamika tu. Lakini eneo lile unalikata mapema kwa kukisia, na ukikisia vibaya, kerneli inakosa memori wakati nyingine imekaa bure kando yake. Kati ya desturi inayovunjika na sheria inayokaza, Linux ilibaki na zote mbili, na mimi sioni jibu bora.

Kisha ilikuja dawa ya kusogeza. Toleo 2.6.35, 2010, lilileta kubananisha memori: kerneli inapita ku uwanja, inachukua peji zinazohamika upande mmoja, inazihamishia upande mwingine, ili fasi huru zishikane. Gorman tena. Mwaka 2011, toleo 2.6.38 likaanza kuwapa programu peji kubwa bila kuombwa. Ku karatasi ni maendeleo. Ku meza za watu kulitokea kitu cha ajabu: mtu anakopi faili kubwa ku flashi ya polepole, na mashini nzima inaganda. Kwa nini? Programu isiyohusika na flashi inataka memori, kerneli inataka kuipa peji kubwa, peji kubwa hazipo, inaanza kubananisha, inakuta peji zinazongoja kuandikwa ku flashi, inazingoja. Na programu inangoja nayo, na mtu anakaa anaangalia mshale usiotembea.

Hapa njo swali ambalo kwangu ni la maana kuliko mengine: nani analipa? Kusafisha kuna gharama, na wale walioandika dawa waliihesabia kwa yule aliyekuja kuomba, wakati ule anapoomba. Mwenye serveri kubwa alipata faida ya peji kubwa. Mwenye mashini ndogo na flashi alipata kuganda. Wafaransa kisha ya vita walifanya kama hivyo ku mashamba: waliunganisha vipande ili trakta zipite, na kule Bretagne waling'oa nyua za miti zilizokuwa zinashika udongo na maji. Waliofaidika na waliolipa hawakuwa watu walewale.

Cha kusifu ni kwamba kerneli ilirudi nyuma. Toleo 4.6, 2016, Gorman mwenyewe alibadilisha desturi: programu isingojeshwe tena kwa peji kubwa isipokuwa imesema inaitaka. Toleo hilohilo lilileta mfanyakazi wa nyuma, kcompactd, wa kubananisha bila kusimamisha mtu. Mwaka 2019, ku 5.0, iliongezwa kengele: mpaka ukivukwa mara moja, kerneli inaanza kuachilia memori zaidi ili usivukwe tena. Na 2020, ku 5.9, Nitin Gupta akaleta kubananisha kabla ya maombi kufika. Ukiangalia mstari mzima, tangu 2004 mpaka 2020, unaona mawazo yanatembea: kwanza haiko shida, kisha tupange, kisha tusogeze, kisha tusimlipishe anayefanya kazi.

Sasa sisi tunachukua nini hapo?

Kwanza, tuache kununua uongo. Zile programu za simu zinazojiita wasafishaji wa RAM zinafunga programu nyingine, yaani zinagusa wale wanaohamika, ambao hawakuwa shida. Kaburi la kerneli haziligusi, na haziko na haki ya kuligusa. Wala tusichanganye jambo hili na ile kupanga vipande vya diski tuliyokuwa tunafanya ku Windows ya zamani. Ile ni diski, hii ni RAM.

Pili, tuangalie wenyewe. Ku mashini yenye Linux andika "cat /proc/buddyinfo". Ku kompyuta za kawaida utaona safu kumi na moja za namba: ya kwanza ni vipande huru vya KB 4, ya mwisho ni vya MB 4. Mashini ikiwaka tu, namba za kuume ziko na afya. Irudie kisha ya siku tatu za kazi. Ukiona kushoto kumejaa na kuume ni sufuri, umeona kwa macho yako kile silabusi inachokupa kwa mistari miwili.

Tatu, na hili ni kwa wanaofundisha na wanaoandika silabusi: kitabu cha 2004 bado kinastahili kusomwa. Sura ya sita na ya nane, juu ya buddy na slab, sijaona pengine zikielezwa kwa subira ile. Lakini kisomwe pamoja na kile mwandishi alichofanya kisha. Ukimpa mwanafunzi kitabu peke yake, atajibu ku mtihani kwamba kumegeka kwa nje haiko shida kubwa ku Linux, atapata alama zote, na atakuwa amejifunza jibu ambalo mwenye kuliandika alitumia miaka kulibadilisha. Silabusi ngapi zetu ziko na majibu ya namna hiyo, ku informatika, ku agronomia, ku sheria? Tunakopi hukumu, tunaacha tarehe.

Kwa hiyo hukumu yangu: kitabu ni kizuri kwa kueleza mashini ilivyokuwa, dhaifu kwa kutabiri itakavyoulizwa. Kazi ya 2008 ni bora kuliko kitabu, juu iliacha kuuliza memori ngapi iko huru na ikauliza nani hawezi kuhama. Na kubananisha kwa 2010 na 2011 kulikuwa lazima, lakini kuliwatoza wadogo kwa muda mrefu kabla ya kusahihishwa.

Wale wa informatika walio ku ukurasa huu, kama mnaona nimehukumu kwa jicho la mkulima, andikeni chini, tubishane kwa heshima. Na mwenye mashini ya GB 2 aliyefanya ile jaribio la siku tatu, atuwekee namba zake tuone.